Penye udhia penyeza rupia: lakini inapenyezwa wapi?

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, niko Marekani mwaka wa tisa sasa, nahudumia wazee. Nina bima ya kazini na kila wiki mbili nakatwa. Mwanangu alipovunjika mkono bado nililetewa bili mbili, ya hospitali na ya gari la wagonjwa, jumla zaidi ya dola elfu mbili. Kazini tunabishana. Wenzangu wanasema kampuni za bima zimewanunua wabunge, penye udhia penyeza rupia, basi, hakuna zaidi. Mimi nauliza: kama wamenunuliwa, Obamacare, ile sheria ya bima ya afya ya Rais Obama, ilipitaje? Na kama hawakununuliwa, mbona Obama alikuwa na wabunge tele na bado hatukupata bima ya serikali? Nieleweshe taratibu, mimi si msomi wa siasa.

JIBU: Dada yangu, pole kwa mtoto, na pole kwa bili. Wenzako wana nusu ya ukweli. Rupia ipo, tena nyingi, ila haipenyezwi pale wanapodhani.

Tuanze na bahasha ili tuimalize. Tangu 1907 sheria ya Marekani inakataza kampuni kumchangia mgombea wa Bunge la taifa kutoka kwenye hazina yake. Wanachofanya ni kuunda mfuko unaochangiwa na mameneja na wafanyakazi wao, na mfuko huo unaweza kumpa mgombea dola 5,000 kwa kila uchaguzi. Kwa mtu anayewania useneta kwa makumi ya mamilioni, hiyo ni pesa ya chai. Tangu 2010 Mahakama ya Juu imeziruhusu kampuni kumwaga pesa bila kikomo kwenye matangazo yasiyopitia mikononi mwa mgombea, na hapo pana mengi ya kulalamikia. Lakini hata hizo sizo pesa zinazoandika sheria za bima.

Zinazoandika ni pesa za washawishi. Hii ni kazi halali, ina rejesta. Sheria ya 1995 inawalazimu kujiandikisha, na kila miezi mitatu wanataja nani amewalipa, kiasi gani na kwa jambo lipi. Wewe mwenyewe ukiwa na simu unaweza kuzisoma taarifa zao. Sekta ya dawa peke yake hutumia zaidi ya dola milioni 350 kwa mwaka siku hizi. Bunge zima, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, lina watu 535. Ukigawanya, unapata zaidi ya dola laki sita kwa kila kichwa, kila mwaka, kwa sekta moja tu.

Zinafanya nini? Mfikirie msaidizi wa mbunge, kijana wa miaka ishirini na kitu, mezani kwake kuna afya, kilimo na maveterani kwa mshahara mmoja. Muswada una kurasa zaidi ya elfu. Anagonga mlango bwana mmoja aliyekuwa na kazi kama yake miaka mitano nyuma, sasa analipwa mara nne. Habebi bahasha. Amebeba karatasi moja yenye mambo matatu: hospitali za jimbo lenu zimeajiri watu wangapi, kifungu hiki kitawagharimu kiasi gani, na kifungu mbadala, kimeshaandikwa, kimebaki kubandikwa. Kijana anashukuru kwa dhati, maana usiku atalala. Ningekuwa yeye ningeshukuru pia.

Halafu kuna jambo lililo kubwa kuliko pesa. Muswada wa Marekani, ili uwe sheria, lazima upite milango mingi: kamati za Baraza, ukumbi wa Baraza, kamati za Seneti, kisha Seneti yenyewe ambako kwa kawaida kura 51 hazitoshi, zinatakiwa 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Anayejenga anahitaji milango yote. Anayebomoa anahitaji mmoja tu. Na mwenye uwezo wa kuufunga huo mmoja tayari ana bidhaa ya kuuza. Anauza ukimya wake. Hapo ndipo rupia inapopita, dada, na mara nyingi haitoki kwa kampuni kwenda kwa mbunge. Inatoka kwenye sheria kwenda kwa kampuni. Mageuzi yaliyopita Marekani ni yale yaliyokubali kulipa bei ya ukimya, na yaliyokataa yalizikwa.

Nakuonyesha kwa visa, maana hoja kavu haiingii.

Novemba 1945 Rais Truman aliliomba Bunge bima ya afya ya taifa. Waliomzuia zaidi ni chama cha madaktari, AMA. Mwaka 1949 AMA iliwatoza wanachama wake dola 25 kila mmoja na kuajiri kampuni ya mke na mume kutoka California, Clem Whitaker na Leone Baxter, waliokuwa wameshaua mpango kama huo wa gavana wa jimbo lao, Earl Warren. Mwaka huo zilitumika takriban dola milioni moja na nusu, kampeni ya ushawishi ghali kuliko zote zilizowahi kuonekana hadi wakati huo. Silaha yao ilikuwa picha. Walichukua mchoro wa Mwingereza Luke Fildes wa 1891: daktari mwenye ndevu ameinama, kidevu mkononi, anamtazama mtoto mgonjwa aliyelazwa juu ya viti viwili, taa inawaka. Wakauchapa kama bango, chini yake maneno ya kuwataka watu wasiingize siasa kwenye picha hii, na likatundikwa kwenye vyumba vya madaktari kote nchini. Mama anasubiri zamu na mwanawe mwenye homa mapajani, anainua macho, anaiona. Hapo humwambii kitu kuhusu bima ya taifa. Truman alishindwa.

Kumbe wakati huohuo bima ilikuwa inakua kupitia mlango wa nyuma, na ndiyo hiyo unayokatwa wewe. Mwaka 1929 hospitali moja ya Dallas iliwaahidi walimu siku 21 za kulazwa kwa senti 50 kwa mwezi. Huo ndio mwanzo wa bima za Blue Cross. Wakati wa vita, mwaka 1942, serikali ilizuia kupandisha mishahara, lakini bima ya afya haikuhesabiwa kuwa mshahara, basi waajiri wakagombania wafanyakazi kwa kuwapa bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi. Kuanzia hapo mamilioni ya familia wakawa na kitu cha kupoteza. Kila mwanamageuzi aliyekuja baadaye amekutana na swali la mtu aliyeridhika kiasi: utaninyang'anya niliyo nayo?

Mwaka 1961 madaktari walikuja na santuri. Mwigizaji mmoja, Ronald Reagan, ambaye hakuwa mwanasiasa bado, alirekodi hotuba dhidi ya bima ya serikali kwa wazee, na wake wa madaktari wakawaalika majirani kahawa ili waisikilize, kisha waandike barua kwa wabunge wao. Ushawishi wa sebuleni. Hata hivyo, baada ya ushindi mkubwa wa chama cha Democrats katika uchaguzi wa 1964, Rais Lyndon Johnson akaipitisha, na tarehe 30 Julai 1965 akasafiri hadi Independence, Missouri, kuitia saini Medicare mbele ya mzee Truman na kumpa kadi ya kwanza.

Tazama bei iliyolipwa. Hospitali ziliahidiwa kurudishiwa gharama zao na ziada kidogo juu. Madaktari waliahidiwa kulipwa ada zao za kawaida, na kawaida ni ile waliyoipanga wao wenyewe. Kazi ya kushughulikia madai wakapewa Blue Cross na kampuni nyingine za bima. Kwa hiyo wazee walipata bima, jambo kubwa kweli, na nchi ikapata mfumo ambao ukilipisha zaidi unalipwa zaidi. Gharama zilipaa, na miaka 18 baadaye, mwaka 1983, serikali ikalazimika kuanza kupanga bei za kulazwa yenyewe.

Kutoka sebuleni, sasa twende kwenye meza ya jikoni. Mwaka 1993 Rais Bill Clinton alimpa mkewe Hillary kazi ya kuandika mpango wa bima kwa wote. Ulitoka na kurasa 1,342. Septemba mwaka huo chama cha kampuni za bima, HIAA, kilianza kurusha matangazo ya televisheni: mume na mke wa umri wa kati, Harry na Louise, wamekaa jikoni, bili na karatasi zimetapakaa, wanasoma mpango mpya. Mmoja anasema, wao wanachagua. Mwenzake anamalizia, sisi tunapoteza. Hakuna kelele wala bendera, ni watu wawili wanaofanana na jirani yako wanaoshuku. Matangazo hayo hayakurushwa sana nchi nzima. Yalirushwa zaidi Washington, kwenye miji michache na CNN, yaani kwenye televisheni ambazo wabunge na waandishi wa habari wanazitazama. Ikulu ikachukia hadharani, Clinton na mkewe hata wakaigiza kejeli yake, na kwa kufanya hivyo wakaitangaza bure nchi nzima. Septemba 1994 kiongozi wa Seneti, George Mitchell, alitangaza kwamba muswada umekufa. Haukuwahi kupigiwa kura ukumbini.

Jambo moja wenzako hawalijui: kampuni kubwa kabisa za bima hazikuwa ndani ya HIAA. Aetna, Cigna, Prudential na wenzao walikuwa wameshajitoa, kwa sababu mpango ule, uliotaka kampuni zishindane chini ya kanuni za serikali, ungewafaa wao na kuwameza wadogo. Waliobaki na Harry na Louise ni kampuni za kati na ndogo. Ndiyo maana huwa nasita mtu anaposema kampuni za bima zinataka hivi au vile. Sekta hii ni kama familia yenye urithi: nje wanashikana mikono, ndani kila mmoja ana wakili wake.

Mwaka 2003 ndio usiku ninaoupenda kuusimulia. Rais George W. Bush alitaka Medicare ilipie dawa za wazee. Kura ilianza kama saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba. Kwa kawaida kura ya Baraza huchukua dakika 15. Hii iliachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu nzima, muswada unashindwa, viongozi wanazunguka ukumbini wakiwashika watu mabega, mpaka ukapita kwa 220 dhidi ya 215. Mbunge wa Michigan, Nick Smith, alisema baadaye kwamba alishinikizwa kwa ahadi za kumsaidia mwanawe aliyekuwa akigombea kiti, na mwaka uliofuata kamati ya maadili ikamkemea kiongozi wa chama chake, Tom DeLay, kwa hilo. Kama mnatafuta kura iliyokaribia kununuliwa, ndiyo hiyo. Na mnunuzi hakuwa kampuni, alikuwa kiongozi wa chama.

Kampuni za dawa zilikuwa zimeshapata chao kwenye maandishi. Ndani ya sheria ile kulikuwa na kifungu kinachoikataza serikali kujadiliana bei na watengenezaji. Mnunuzi mkubwa kuliko wote sokoni akafungwa mdomo kwa sheria. Mwenyekiti wa kamati iliyousukuma muswada ule, Billy Tauzin wa Louisiana, aliondoka bungeni na Januari 2005 akawa rais wa PhRMA, chama cha kampuni za dawa, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa dola milioni mbili kwa mwaka. Hakuna sheria iliyovunjwa. Ukimuuliza mtu wa Washington atakuambia ni mwenendo wa kawaida, na atakuwa amesema kweli.

Barack Obama alimtaja mtu huyo kwenye tangazo la kampeni ya 2008 kama mfano wa kila kilichooza. Mwaka mmoja baadaye alikuwa amekaa naye meza moja. Sasa tufike kwenye swali lako.

Obama na watu wake walikuwa wamejifunza somo la Clinton. Walikubaliana mapema na wale wenye uwezo wa kuua. PhRMA iliahidi kuchangia dola bilioni 80 kwa miaka 10 kupitia punguzo na makato. Nayo ikahakikishiwa kwamba serikali haitajadiliana bei za dawa. Hospitali zikaahidi bilioni 155. Kisha PhRMA ikalipia matangazo ya kuunga mkono mageuzi, na hapa uvumilie nicheke, ikiwa ni pamoja na Harry na Louise wenyewe, waigizaji walewale, sasa wana mvi, wako jikoni kwao wanasema safari hii mambo huenda yakawa mazuri.

Kampuni za bima zilicheza pande mbili. Machi 2009 mkuu wa chama chao kipya, AHIP, Karen Ignagni, alisimama mbele ya Obama Ikulu akaahidi ushirikiano. Walitaka kitu kimoja: kila mtu alazimishwe kuwa na bima, maana huo ni wateja wapya kwa mamilioni. Wakipata hilo, wangekubali kutowakataa wagonjwa. Wakati huohuo AHIP iliipa jumuiya ya wafanyabiashara, Chamber of Commerce, dola milioni 86 zilizolipia kampeni ya kuupinga muswada huohuo. Nyaraka za kodi ndizo zilizoianika, Novemba 2010, wakati sheria imeshatiwa saini. Mkono mmoja unasalimia, mwingine unatafuta jiwe.

Aliyeyajua hayo kutoka ndani alikuwa Wendell Potter, mkuu wa mawasiliano wa Cigna. Julai 2007 alikuwa amekwenda kuwatembelea wazazi wake Tennessee, akasoma gazetini kwamba kuna kliniki ya bure ng'ambo ya mpaka, Wise, Virginia, akaendesha gari kwenda kuona. Ilikuwa kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo. Mvua imenyesha. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri, wengine wamelala ndani ya magari, na madaktari wa kujitolea wanawatibu kwenye mahema na kwenye mabanda ya mifugo, mashuka yametundikwa kuwa pazia. Mwaka uliofuata akaacha kazi, na Juni 2009 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, akaeleza jinsi kampuni zinavyowaondoa wagonjwa wenye gharama ili kuwafurahisha wawekezaji. Ushahidi wake ulisikika sana. Kura haikubadilisha.

Kwa sababu tatizo lilikuwa hesabu. Democrats walikuwa na viti 60 kamili Seneti, pamoja na wawili wasio na chama. Sitini inapotakiwa nawe una sitini, kila mmoja wao ni rais. Bima ya serikali ya hiari, ambayo ingeshindana na zile za kampuni, ilipita kwenye Baraza. Seneti ikakwama kwa Joe Lieberman wa Connecticut, jimbo ambalo mji wake mkuu, Hartford, umejengwa na kampuni za bima. Viongozi wakamtafutia njia ya kati: watu wa miaka 55 hadi 64 waruhusiwe kununua Medicare. Wazo hilo Lieberman mwenyewe alikuwa amelisifu mbele ya gazeti la kwao miezi mitatu kabla. Tarehe 13 Desemba 2009 akatangaza kwenye televisheni kwamba halikubali. Likaondolewa.

Je, alinunuliwa? Alichangiwa na watu wa bima kwa miaka mingi, hilo halina ubishi. Lakini seneta wa Hartford hahitaji kununuliwa ili aitetee bima, kama vile mbunge wa Kericho hahitaji kuhongwa ili aitetee chai. Majirani zake, wafadhili wake, waumini wenzake, wote wanakula hapo. Ninaona wanaosema "amenunuliwa" wanaipa sekta heshima ndogo kuliko inayostahili, kwa sababu kilichonunuliwa unaweza kukinunua wewe kwa bei ya juu zaidi. Huyu hauzwi, ndiyo shida.

Seneti ikapitisha muswada kwa 60 dhidi ya 39 asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Mwezi mmoja baadaye Scott Brown wa chama pinzani, Republican, akashinda kiti cha marehemu Ted Kennedy, zile sitini zikavunjika, na Baraza likawa halina la kufanya ila kuumeza muswada wa Seneti na kuurekebisha pembeni. Ulipita kwa 219 dhidi ya 212 na kutiwa saini tarehe 23 Machi 2010. Kwa hiyo Obamacare ilipita kwa sababu ililipa, na bima ya serikali haikupita kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya malipo. Ndilo jibu la maswali yako yote mawili.

Usiidharau sheria hiyo, hata hivyo. Kampuni haiwezi tena kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao, na kati ya kila dola 100 za michango lazima itumie 80 au 85 kwa matibabu. Na jambo la kuchekesha lilitokea 2017, Republicans walipotaka kuifuta: madaktari, hospitali na kampuni za bima, walewale, wakasimama kuitetea. Walikuwa wameshaizoea, imewaletea wateja. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai, seneta John McCain, Republican mwenyewe, alipogeuza dole gumba chini na jaribio likafa 51 kwa 49, upande wake alikuwa na karibu kila mwenye hospitali nchini. Kile kifungu cha dawa cha 2003 nacho kililegezwa mwaka 2022, miaka 19 baadaye: Medicare sasa inajadiliana bei za dawa chache kila mwaka, za kwanza kumi bei zake zikianza 2026. Kampuni zilikimbilia mahakamani.

Wala msidhani ni Marekani tu. Machi 2024 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulipoanza kutumia kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa binafsi zilitangaza kwamba hazipokei kadi zake. Hapakuwa na washawishi wa kujiandikisha, palikuwa na wagonjwa getini. Mwenye kitanda na dawa ana kauli kila mahali.

Sasa bili zako, maana sikutaka ubaki na historia peke yake.

Zamani ulikuwa ukipelekwa hospitali iliyo kwenye mtandao wa bima yako, halafu daktari wa dharura au wa usingizi akawa si wa mtandao huo, analeta bili ya peke yake na bima inakataa. Mwaka 2019 vyama vyote viwili vilikubaliana kukomesha hilo. Kiangazi kile yakazuka matangazo ya televisheni na barua majumbani, mamilioni ya dola, yakiwaonya watu kwamba wabunge wao wanataka kufunga vyumba vya dharura. Mlipaji alijiita kwa jina tamu la umoja wa madaktari na wagonjwa. Waandishi walipofukua walikuta ni kampuni mbili za kuajiri madaktari, Envision na TeamHealth, zilizokuwa zikimilikiwa na wawekezaji wakubwa, KKR na Blackstone. Safari hii kampuni za bima ndizo zilizokuwa upande wa wagonjwa, maana hazikutaka kulipa bei zile. Desemba muswada ukakwama. Mwaka mmoja baadaye ukapita ukiwa umebadilishwa: badala ya sheria kutaja bei, daktari na bima wanapelekana kwa msuluhishi. Unafanya kazi tangu Januari 2022.

Gari la wagonjwa la barabarani halimo. Helikopta imo, gari halimo. Magari mengi ni ya manispaa, kaunti na vikosi vya zimamoto, yanategemea bili hizo kujiendesha, na hakuna mbunge aliyetaka kugombana na zimamoto wa mji wake. Bunge likaunda kamati ya ushauri, ikatoa mapendekezo, yamekaa. Majimbo kadhaa yamejitungia sheria zao, uliza kama lako limo. Uliza pia ofisi ya wafanyakazi kama mwajiri wako analipa matibabu mwenyewe na kampuni ya bima ni karani tu. Ikiwa hivyo, sheria ya jimbo haikufikii, kwa sababu ya sheria ya taifa ya 1974.

Ya hospitali ina njia zaidi. Dai orodha ya kila kitu walichokutoza, mstari kwa mstari, usikubali karatasi ya jumla. Kama bima ilikataa sehemu, una siku 180 za kukata rufaa kwao, na wakikataa tena, katika mambo ya kitabibu una haki ya kupeleka kwa mkaguzi wa nje asiyekuwa wao. Na kama hospitali ni ile isiyolipa kodi kwa sababu ya huduma kwa jamii, sheria ya 2010 inailazimu kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na ikupe siku 240 za kuomba. Kifungu hicho hospitali hazikukipenda. Seneta wa Republican, Chuck Grassley wa Iowa, aliwabana nacho kwa miaka. Fomu kwa kawaida iko kwenye tovuti yao, imefichwa vizuri, na dirishani hawakutajii mpaka uulize.

Hizo siku 240 zinahesabiwa tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Yako ilikuja lini?